Kadi moja, tarehe tatu za kujifungua: nishike ipi?

Swali: Nina mimba ya kwanza, niko Morogoro. Siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho ilikuwa 12 Mei 2025. Mzunguko wangu huwa wa siku 35, mara nyingine unafika 38. Kliniki waliniandikia kwenye kadi 19 Februari 2026. Ultrasaundi ya kwanza nilipiga 28 Julai, ikaonyesha mimba ina wiki 9 na siku 5, kujifungua 25 Februari. Ya juzi, 7 Januari, imesema wiki 31 kamili, kujifungua 11 Machi. Mume wangu anataka tufuate ya mwisho kwa kuwa ndiyo mpya. Tufuate ipi, na kwa nini zinapishana hivi?

Jibu: Dada yangu, fuateni 25 Februari 2026. Mwombe mkunga aizungushie duara kwenye kadi na aandike pembeni kwamba imetokana na ultrasaundi ya 28 Julai. Ile ya 11 Machi msiifuate, lakini karatasi yake msiitupe. Kuna jambo imelisema ambalo halihusu tarehe, na linatakiwa kufuatiliwa ndani ya wiki hizi chache zijazo.

Tuanze na tarehe ya kadi. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, tangu siku ya kwanza ya kuona damu ya hedhi ya mwisho. Haihesabiwi tangu damu ilipokatika, wala tangu siku mliyokutana. Kanuni wanayoitumia wakunga wengi ina jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, wa karne ya 19: ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, kisha peleka mwaka mbele. Kwako, 12 jumlisha 7 ni 19. Toka Mei rudi miezi 3 unafika Februari. Ndiyo 19 Februari 2026 iliyo kwenye kadi yako, na mkunga aliyeiandika alifuata kanuni sawasawa.

Ila ukihesabu siku moja moja kwenye kalenda, siku 280 tangu 12 Mei zinaangukia 16 Februari, si 19. Sababu ni urefu wa miezi. Miezi mitatu unayoirudi kutoka katikati ya Mei inapita Februari yenye siku 28, kwa hiyo jumla yake ni siku 89 tu, na kanuni inakupa siku 283 badala ya 280. Aliyeona hedhi Machi au Aprili huzidishiwa siku 2. Aliyeona Juni, au kati ya Agosti na Novemba, kanuni humwangukia kwenye 280 barabara. Kigurudumu cha karatasi cha kuhesabia mimba, programu ya simu na mashine ya ultrasaundi vyote vinahesabu siku zenyewe, ndiyo maana mara nyingi vinapishana na kadi kwa siku mbili tatu bila mtu yeyote kukosea. Unapotaka kulinganisha hedhi na ultrasaundi, tumia hesabu ya siku. Kwa hiyo hedhi yako, kabla ya kurekebisha chochote, inasema 16 Februari.

Na inabidi irekebishwe, kwa sababu siku 280 zimejengwa juu ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ambaye yai lake hutoka siku ya 14 hivi. Mzunguko unapokuwa mrefu, kinachorefuka ni sehemu ya mbele, kabla ya yai kutoka. Kutoka yai kupevuka hadi hedhi inayofuata hubaki karibu wiki 2 kwa wanawake wengi. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka siku ya 21 hivi, na wa siku 38 siku ya 24. Chukua urefu wa mzunguko, toa 28, kinachobaki kiongeze kwenye tarehe. Kwako ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo 16 Februari inasogea hadi kati ya 23 na 26. Ultrasaundi ya kwanza, ambayo haikujua lolote kuhusu mzunguko wako, ikasema 25. Njia mbili zisizotegemeana zimekutana mahali pamoja. Hakuna ushahidi mzuri zaidi ya huo katika kazi hii.

Mwenye mzunguko mfupi, tuseme siku 24, anatoa siku 4. Na ambaye hedhi yake haina mpangilio, mwezi huu siku 26 na ujao siku 50, asihangaike na marekebisho haya. Yeye tegemeo lake ni ultrasaundi ya mapema.

Ultrasaundi ya mapema inaaminika kuliko ya baadaye kwa sababu, katika wiki 13 za kwanza, watoto wote hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa mama mrefu au mfupi, wa Kilimanjaro au wa Kisumu. Mpimaji hupima urefu kutoka utosini hadi makalioni, kipimo kinachoandikwa CRL kwenye karatasi. Mtoto wa wiki 9 na siku 5 ana milimita 29 hivi, na katika umri huo hurefuka zaidi kidogo ya milimita 1 kila siku, kwa hiyo hata mpimaji akikosea milimita 2 tarehe haitayumba zaidi ya siku moja au mbili. Kipimo hicho, kikichukuliwa vizuri kabla ya wiki ya 14, hukosea kwa siku 5 hadi 7. CRL ikipita milimita 84 haitumiki tena, kwa kuwa mtoto ameanza kujikunja na kujinyoosha. Hapo wanahamia kwenye upana wa kichwa, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja. Ndizo zile BPD, HC, AC na FL unazoziona kwenye karatasi yako ya Januari.

Katika miezi mitatu ya mwisho, vipimo hivyo vinne havikuambii umri. Vinakuambia ukubwa. Mashine huchukua ukubwa, ikaulinganisha na wastani wa watoto wengi, kisha ikaandika: mtoto wa ukubwa huu kwa kawaida ana wiki 31. Ukiingia darasa la saba ukajaribu kukadiria umri wa kila mwanafunzi kwa kimo chake, utakosea vilevile. Kuanzia wiki ya 28, kosa la siku 21 na hata 30 kwenda mbele au nyuma ni la kawaida. Tazama vizuri karatasi yako: mashine nyingi huandika kando ya umri alama ya ± na idadi ya wiki au siku. Watu huisoma ile 31 na kuiruka alama hiyo, na humo ndimo mashine yenyewe imekiri kwamba haina uhakika.

Jingine la kutazama kwenye karatasi hiyo: mara nyingi kuna mistari miwili ya EDD, yaani tarehe ya matazamio ya kujifungua. Mmoja umetokana na hedhi uliyomtajia mpimaji, umeandikwa LMP kando yake, na mwingine umetokana na vipimo vya siku hiyo, mara nyingi umeandikwa AUA au GA. Kila ukipigwa picha, mstari wa pili huzaliwa upya na huja na tarehe yake. Mama aliyepigwa picha nne anaweza kurudi nyumbani na tarehe nne, na familia nzima ikahangaika bure.

Ni lini basi tarehe ya hedhi hubadilishwa kwa ajili ya ultrasaundi? Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kina mipaka inayotumika sehemu nyingi. Kabla ya wiki 9, badilisha pengo likizidi siku 5. Kuanzia wiki 9 hadi mwisho wa 15, likizidi siku 7. Wiki 16 hadi mwisho wa 21, likizidi 10. Wiki 22 hadi mwisho wa 27, likizidi 14. Kuanzia 28 kwenda mbele, likizidi 21. Pengo likiwa dogo kuliko hapo, tarehe ya hedhi inabaki. Tarehe 28 Julai hedhi yako ilikupa wiki 11 kamili, na mashine ikasema wiki 9 na siku 5. Pengo ni siku 9, limezidi 7, kwa hiyo kubadilisha kwenda 25 Februari ni halali.

Baada ya hapo tarehe imefungwa. Picha zote zinazofuata hulinganishwa nayo, haziibadilishi. Tarehe 7 Januari, kwa hesabu ya 25 Februari, ulikuwa na wiki 33 kamili. Mashine imeona ukubwa wa wiki 31. Pengo ni siku 14, halifiki hata kwenye mpaka wa 21. Lakini angalia hatari iliyopo hapa: kama aliyekupima alikuwa na tarehe ya hedhi tu, bila karatasi ya Julai, kwake ulikuwa na wiki 34 na siku 2, na pengo likawa siku 23. Angejiona ana haki ya kubadilisha. Kwa hiyo ile karatasi ya kwanza ya ultrasaundi, hata kama imechakaa, ibandike ndani ya kadi na uende nayo kila unapopigwa picha, na kila unapohama kituo. Ipige picha kwa simu pia, kwa sababu karatasi za mashine hizo hufifia.

Sasa msikilizeni hesabu hii, wewe na mume wako. Kwa tarehe ya kweli, 25 Februari, wiki 41 zinatimia 4 Machi na wiki 42 zinatimia 11 Machi. Mkifuata tarehe mpya, siku ambayo mtakuwa mnasema "leo ndiyo siku yenyewe, tusubiri uchungu," mimba itakuwa na wiki 42. Baada ya wiki 41 kondo la nyuma huanza kuchoka, maji yanayomzunguka mtoto hupungua, mtoto anaweza kunya tumboni na kuvuta uchafu huo, na hatari ya kufia tumboni hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mama ambaye kuna uhakika kwamba amefika wiki 41 aanzishiwe uchungu. Ushauri huo haufanyi kazi kwa mtu ambaye kadi yake inamwambia ana wiki 39.

Makosa ya upande wa pili yapo pia. Mama mwenye kovu la upasuaji, ambaye hupangiwa upasuaji wiki ya 39, akiwa na tarehe iliyowekwa mapema kuliko ukweli kwa wiki tatu, mtoto hutolewa akiwa na wiki 36 na mapafu yanaweza kuwa hayajakomaa. Na mama ambaye uchungu umemwanza mapema hupewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kama mimba iko kati ya wiki 24 na 34. Wanaoamua kumchoma au kutomchoma wanaangalia kadi.

Narudi kwenye picha ya Januari, maana sitaki muishie kuipuuza. Mtoto aliyeonekana mdogo kwa wiki 2 anaweza kuwa ni mtoto mdogo tu wa wazazi wadogo. Anaweza kuwa amepimwa vibaya: kichwa kikiwa kimeshuka ndani ya nyonga ni vigumu kupata mkato sahihi, na mtoto aliyekaa matako chini huwa na kichwa chembamba kirefu, BPD ikatoka ndogo wakati HC iko sawa. Lakini anaweza pia kuwa hapati chakula cha kutosha kupitia kondo, na hapo ndipo kubadilisha tarehe kunakuwa jambo baya kabisa, maana ukishasogeza tarehe kwenda 11 Machi mtoto aliyedumaa anageuka kwenye karatasi kuwa mtoto wa kawaida, na hakuna atakayemfuatilia tena. Tazama AC, mzingo wa tumbo. Mtoto anayenyimwa chakula, tumbo ndilo huanza kubaki nyuma wakati kichwa na paja bado viko karibu na umri. Vyote vinne vikiwa nyuma kwa kiasi kilekile, uwezekano wa kuwa ni mtoto mdogo kwa maumbile unaongezeka, ingawa daktari bado atataka kuhakikisha.

Nenda kliniki wiki hii ukiwa na karatasi zote mbili. Omba upimwe presha, mkojo uangaliwe protini, wingi wa damu upimwe, na kimo cha tumbo kipimwe kwa utepe. Kojoa kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza sentimita 3 za uongo. Utepe unaanzia juu ya mfupa wa kinena hadi kilele cha tumbo la uzazi, na kuanzia wiki ya 24 hivi sentimita hukaribiana na wiki, kwa tofauti ya 2 juu au chini. Halafu omba ultrasaundi ya ukuaji baada ya wiki 2 hadi 3 tangu 7 Januari, yaani kati ya 21 na 28 Januari, na ikiwezekana mashine ileile na mpimaji yuleyule. Kuirudia kabla ya wiki 2 ni kupoteza fedha, maana kosa la kipimo ni kubwa kuliko ukuaji wa siku chache. Mwambie mpimaji wazi: "Tarehe ya matazamio ni 25 Februari kwa ultrasaundi ya wiki ya 9. Naomba uangalie amekua kiasi gani tangu 7 Januari, maji yakoje, na damu inapitaje kwenye kamba ya kitovu." Hilo la damu linahitaji mashine yenye Doppler, ambayo si kila zahanati inayo, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Ila daktari akikutaka mapema zaidi, mfuate yeye.

Katika kusubiri huko, mtoto akipunguza kucheza kuliko alivyozoea, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Vilevile ukiona damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana au macho yakianza kuona maluweluwe.

Wasomaji wengine wasio na ultrasaundi ya mapema, hali yao ni ngumu zaidi lakini haikosi njia. Anza kwa kuitafuta hedhi ya mwisho kwa matukio badala ya tarehe: ilikuja kabla au baada ya Idi, Pasaka, Saba Saba, shule kufunguliwa, mshahara kuingia? Mama wa Kiislamu aliyepatwa na siku zake ndani ya Ramadhani huwa anajua kabisa alikula siku ngapi na kuanzia ya ngapi, kwa kuwa anazo za kulipa, na kumbukumbu hiyo ni dhahabu. Anayehesabu kwa mwezi mwandamo ajue tu kwamba miezi yake ni mifupi, kwa hiyo siku 280 ni miezi 9 na siku 14 au 15. Akitumia ile kanuni ya siku 7 juu ya mwezi mwandamo atapungukiwa na wiki nzima.

Halafu ihoji hedhi yenyewe. Ilikuwa nzito na ya siku zilezile za kawaida? Matone ya siku moja au mbili, mepesi kuliko desturi, yanaweza kuwa damu ya mimba changa, na hapo hedhi ya kweli ilikuwa mwezi mmoja nyuma. Aliyekuwa kwenye vidonge vya majira, damu ya wiki ya mapumziko si hedhi ya kuhesabia. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi mingi bila hedhi, akashika mimba kabla hajaiona hata mara moja, na anayenyonyesha hali ni hiyohiyo. Hao wote waende ultrasaundi mapema wawezavyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki 24, na kama fedha ni ya mara moja tu, mimi ningeitumia kati ya wiki 10 na 13 kwa ajili ya tarehe, isipokuwa daktari awe na sababu nyingine.

Vingine ni vya kusaidia tu. Tumbo la uzazi huanza kuguswa juu ya kinena wiki ya 12, hufika kitovuni karibu na wiki ya 20, na chini ya chembe ya moyo wiki ya 36. Mapacha, maji mengi au vimbe vya kizazi huharibu makisio hayo yote. Mtoto kucheza mara ya kwanza husikika kati ya wiki 18 na 20 kwa mimba ya kwanza, na 16 hadi 18 kwa aliyewahi kuzaa. Andika siku hiyo, itakusaidia kama huna kingine.

Neno moja kwa akina baba, kwa kuwa jambo hili limevunja nyumba za watu bila sababu. Wiki za kliniki zinaanza kuhesabiwa wiki 2 kabla mimba haijatunga, na kwa mwenye mzunguko mrefu hedhi yenyewe iko nyuma zaidi ya hapo. Mke akiambiwa mimba ina wiki 10, ilitungwa kama wiki 8 zilizopita. Kwa msomaji huyu, mimba ilitungwa karibu na 4 Juni, zaidi ya wiki 3 baada ya hedhi ya 12 Mei. Mume aliyekuwa safarini Mei yote akarudi mwanzoni mwa Juni hana cha kushuku kwenye kadi hiyo.

Na hata tarehe ikiwa sahihi kabisa, kati ya wajawazito 100 wanaojifungua siku ileile ni kama 4 au 5. Kwako, dada yangu, panga kwa kipindi: kuanzia 4 Februari mimba imetimiza wiki 37, hivyo begi liwe tayari na nauli ya usiku iwe imetengwa. Kama umeajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania inakuruhusu kuanza likizo yako ya siku 84 wiki 4 kabla ya tarehe ya matazamio, kwa hiyo kuanzia 28 Januari. Barua kwa mwajiri iandikwe 25 Februari, na cheti cha daktari kitaje tarehe hiyohiyo. Ikifika 4 Machi hujajifungua, nenda hospitali asubuhi ya siku hiyo ukiwa na kadi na ile karatasi ya Julai, hata kama husikii maumivu yoyote.